Kilosa, Kilosi, Kilosu

Niliwahi kuwaaga wageni waliotoka mbali, watu wema waliotupa pipi na kutushika mikono mmoja mmoja, kwa kuwatangazia kwa sauti ya juu na tabasamu pana kwamba tutawasahau. Sikukusudia. Nilidhani ninawaambia kwamba tutawakumbuka, na sentensi hiyo nilikuwa nimeifanyia mazoezi mpaka nyanya zilizokuwa kwenye ungo wa shangazi zikaizoea. Kama ningejiaibisha mwenyewe tu, ningecheka siku ileile, maana aibu nimezizoea tangu utotoni. Lakini niliyekaribia kumponza ni shangazi yangu, na kazi aliyokuwa akiitamani ilitegemea wageni wale waondoke Mikumi wakiwa na furaha.

Mikumi kwangu mpaka leo ni harufu ya chapati zinazogeuzwa kwenye kikaango alfajiri, moshi wa mkaa, na vumbi lenye dizeli kutoka kwa malori yaliyolala kando ya barabara kuu. Nilipelekwa huko nilipomaliza darasa la saba, wakati nasubiri matokeo, ili nimsaidie shangazi kwenye kibanda chake cha chakula. Sikutaka kwenda. Mimi ni mtu wa nyumbani tangu nazaliwa. Nilipanda gari pale stendi ya Kilosa nikilia kama ninapelekwa vitani, na kondakta akamuuliza mama kama mtoto huyu anaumwa. Njiani tulipita Ulaya, ile kata yetu yenye mihindi na mbuzi barabarani, na niwe mkweli kwamba hiyo ndiyo Ulaya pekee niliyofika maishani.

Shangazi ndiye aliyefika ile nyingine. Alipokuwa msichana serikali ilimpeleka Urusi, enzi zile za Muungano wa Kisovieti, akasomee mitambo ya kusokota kamba. Alirudi akafanya kazi kwenye kiwanda cha mkonge, kiwanda kikafungwa, na mashine alizozijua kwa majina ya Kirusi zikauzwa kama vyuma chakavu. Akahamia Mikumi na kikaango chake. Mwaka ule niliokwenda, meneja wa hoteli moja ya watalii alikuwa amemwambia kwamba mwisho wa mwezi kungekuja kundi la Warusi. Wakimfurahia, atamwajiri awe mwenyeji wa wageni wa upande huo. Wasipomfurahia, basi, chapati zipo. Shida ilikuwa moja: shangazi hakuwa ameongea Kirusi na binadamu yeyote tangu kiwanda kifungwe, na ulimi wake ulikuwa umeshika kutu. Alihitaji mtu wa kumjibu. Mtu aliyepatikana ni mimi.

Tukaanza siku ya pili yake, yeye anasukuma, mimi nageuza. Kwanza nilitoa shikamoo, akaitikia marahaba, ndipo Kirusi kikaruhusiwa kuingia. Nilimuuliza shikamoo kwa Kirusi wanaiitaje, akasema hawana, ila mtu mzima huitwa kwa wingi kana kwamba ni wengi, na hiyo ndiyo heshima yao. Halafu akanipa salamu yenyewe, zdrastvuyte, konsonanti zimebanana kama magunia ya mpunga kwenye lori la Tindiga. Nikaitamka zi-da-ra-sa-vu-i-te. Shangazi akasema nimeiongezea irabu kama mtu anayeongeza maji kwenye mchuzi baada ya kuona wageni wamekuwa wengi. Kulikuwa pia na sauti moja inayokaa kati ya i na u, ambayo aliniambia niitoe kama mtu anayejitwisha ndoo iliyojaa. Nilijitwisha ndoo hiyo wiki nzima. Madereva wa malori waliokuja kunywa chai wakaanza kuniuliza kama nimeshatua.

Kilichoniudhi kweli ni siku alipogusa mji wetu. Nilitaka kusema natokea Kilosa, akanisahihisha: iz Kilosi. Nikasema naishi Kilosa, akasema v Kilose. Nikasema naipenda Kilosa, akasema Kilosu. Nikaweka mwiko chini. Mji una stesheni, una soko, una ofisi ya mkuu wa wilaya, halafu hawa watu wanaupindapinda hivi kwa ruhusa ya nani? Shangazi hata hakuniangalia.

"Wewe unasema mtoto, kesho unasema watoto. Umebadilisha kichwa kizima na hakuna aliyekukamata. Wao wanabadilisha mkia. Rudia."

Nikarudia. Ajabu ni kwamba Mikumi haikupindika. Jina la kigeni linaloishia na i, alisema, Kirusi hakijui kilishike wapi, kinaliacha lilivyo: ukitoka ni Mikumi, ukiwepo ni Mikumi, ukiipenda ni Mikumi. Kuanzia hapo nikaanza kuiheshimu Mikumi, maana na mimi nikishakaa mahali sinyanyuki.

Chapati zikipungua na jua likipanda, shangazi alikuwa ananisimulia kuhusu wasichana aliolala nao chumba kimoja bwenini, Mpolandi, Mcheki na Mbulgaria. Alisema Kirusi kina ndugu, na ndugu hao wanafanana hasa wakiwa na njaa: maji kwa wote ni voda, na mkate ni hleb, labda mmoja aukunje kidogo mdomoni. Ila ikifika kushukuru kila mmoja anashika njia yake. Mrusi anasema spasiba, Mpolandi anasema jenkuye, Mcheki dyekuyi, Mbulgaria anakuja na blagodarya ndefu kama hotuba. Tena huyo Mbulgaria alikuwa akikubali anatikisa kichwa kama anayekataa, kwa hiyo miezi ya mwanzo wenzake walikuwa wanamnyang'anya chai anayoitaka. Naye Mcheki aliwahi kusifia mkate wa shangazi kwamba ni cherstvi. Kwao maana yake umetoka kuokwa sasa hivi, lakini kwa Kirusi neno hilo ni mkate uliokauka, wa juzi. Shangazi alinuna mpaka jioni kwa kusifiwa. "Undugu huo una mitego," aliniambia. Mimi nilisikia undugu, mitego nikaiacha ipite na moshi. Nilikuwa na hoja yangu: bibi yangu Mkaguru alikuwa anateta na jirani yetu Msagara kutwa nzima, kila mtu kwa kilugha chake, na sikuwahi kuona mmoja wao akikwama. Nikahitimisha kwamba ukijua mmoja katika ukoo, umewajua wote.

Siku ikafika. Shangazi alivaa kitenge chake cha harusini, mimi nikavalishwa gauni la Idi, tukasimama mbele ya hoteli. Wageni wakashuka kwenye magari wamejaa vumbi la mbugani, na shangazi akawapokea kwa zdrastvuyte iliyonyooka, isiyo na tone la maji. Wakatazamana. Bibi mmoja mwenye kofia ya majani akajibu, "Jen dobri." Niliona mabega ya shangazi yakishuka. Hawakuwa Warusi. Walikuwa Wapolandi, na meneja, ambaye kwake Warusi walikuwa wote wanaotoka kule kwenye baridi, alisimama nyuma yetu akitabasamu, anasubiri kuona.

 Shangazi akaanza kumtoa yule Mpolandi wa bwenini kipande kwa kipande: karibuni, maji, mkate, kaeni, mmechoka. Alipokosa neno aliazima la Kirusi na kulipinda kidogo. Wazee wao walikuwa wamefundishwa Kirusi shuleni, wengine bila kukipenda, wakamsaidia. Ikawa inakwenda. Walicheka, walimuuliza kuhusu simba, walimtaka arudie jina lake. Akanivuta pembeni akaniambia kwa Kiswahili, taratibu, kwamba wakati wa kuaga niseme do vidzenya, basi, nisiongeze chochote.

Nikasema do vidzenya. Wakafurahi sana. Kufurahi kwao kukanipanda kichwani, nikaona haiwezekani sentensi yangu nzuri ikalale bila kuliwa. Nikajaza kifua hewa nikawaambia, mi vas zapomnim! Kwa Kirusi maana yake tutawakumbuka. Kwa Kipolandi, kama nilivyokuja kujua baada ya pumzi chache ndefu kuliko zote nilizowahi kuvuta, neno lilelile ni kusahau.

Bibi mwenye kofia akaweka mkono kifuani. Mzee aliyekuwa anapanda gari akabaki na mguu mmoja juu. Meneja aliacha kutabasamu, akamwangalia shangazi kwa jicho ambalo hata mtoto wa darasa la saba alilielewa. Nilitaka ardhi ya Mikumi ifunguke, lakini nimeshasema, Mikumi haibadiliki. Shangazi ndiye aliyesogea mbele. Akaweka kiganja kichwani kwangu, bila kukibonyeza, akawaeleza kwa vile vipande vyake kwamba mtoto amesoma Kirusi, na kwamba huko neno hilo linakumbuka.

Yule mzee ndiye aliyeanza. Alicheka mpaka akavua miwani. Kicheko kikapita gari kwa gari, na bibi mwenye kofia akanikumbatia huku akilia kwa kucheka. Wakaondoka wakitupungia madirishani, kila mmoja akipiga kelele zapomnim, zapomnim, mpaka vumbi likawafunika. Meneja hakuelewa hata neno moja. Alichoona ni kwamba hajawahi kuwa na wageni walioondoka na furaha namna ile, akamwambia shangazi aanze kazi Jumatatu. Na yule mtoto, akasema, aje na maneno yake kila kundi likiaga. Warusi wenyewe walipokuja baadaye nikawapa sentensi ileile. Wakaguswa, wakashukuru kwa upole, mmoja akanipa peremende. Baada ya hapo meneja akaniita pembeni akaniuliza leo nimekosea wapi, mbona hawakucheka.

Kazi ile ndiyo iliyonivalisha sare ya sekondari, kidato cha kwanza mpaka cha nne, nikarudi Kilosa na sijaondoka tena. Sasa wageni wanapita kwa treni ya umeme, na binti yangu akiwaona stesheni anawanyooshea simu, simu inasema kwa Kipolandi safi kabisa, isiyopotosha chochote. Wanaitikia kwa kichwa, wanapita. Ni jambo jema, silikatai, lingemwokolea shangazi mabega yake siku ile. Ila simu haihitaji mtu wa kukaa nayo jikoni. Mimi nilihitajiwa, katika umri ambao watoto wengi hutumwa chumvi tu, na mtu mzima alinikabidhi riziki yake niitamke kwa mdomo wangu. Sijawahi kupata cheo kingine kikubwa kama hicho, na sijakitafuta.

Shangazi alistaafu, nikamchukua, anaishi nami hapa. Alasiri tunakaa uani tukichambua mchele, tunasemezana kwa Kirusi kilichobaki, na bado ananisahihisha mikia. Juzi alikuja jirani yetu Mama Shabani kuazima ungo. Akamwamkia shangazi, akaitikiwa, kisha akasimama akitusikiliza muda mrefu, akimtazama yeye, akinitazama mimi.

"Shangazi, wewe mshukuru Mungu huyu anakujibu," akasema. "Ungekuwa unaongea hivyo peke yako, mtaa mzima tungeshasema umechanganyikiwa."