Msuku Kwenye Karatasi ya Sukari

Harufu ya karatasi ya kaki, ile ambayo wenye maduka walikuwa wakifungia sukari, bado hunifanya nione haya. Wajukuu zangu huninusisha bahasha zao za shule kwa makusudi, maana wamegundua kwamba bibi yao atageuza uso. Wao hucheka, nami huwaacha wacheke. Ninyi nitawaambia sababu.

Tuliishi Mbozi siku za Mwingereza, mimi na mama yangu, katika nyumba ya udongo iliyopakana na shamba la baba mkubwa. Baba yangu alifia kwenye machimbo ya dhahabu ya Lupa, akazikwa huko huko, hata kaburi lake sikuliona. Baada ya habari ile nikawa mtoto wa kulia. Nililia nikitwanga, nikalia nikichota maji, nikalia hata darasani wenzangu wakikariri hesabu. Mwalimu wetu wa shule ya misheni, kijana wa Ibaba aliyekuwa mpole kupita kiasi, alichoka kunibembeleza. Siku moja akanipa kipande cha mkaa na karatasi ya sukari, akanitoa nje, akaniambia nichore mti wowote nitakao, ila niutazame kwanza mpaka nione kila tawi linatokea wapi.

Nilichora vibaya, lakini kifua kilitulia. Jioni ile nikachora tena nyumbani, mbele ya msuku uliokuwa mpakani mwa shamba letu. Msuku mnaujua: majani mapana, magumu, yanayokwaruzana upepo ukipita, na gome lililopasukapasuka kama kisigino cha mkulima. Nilikaa kwenye nyasi nikautazama hadi nikasahau kulia. Tangu hapo, kila nikimaliza kazi, nilichora miti ya mpakani mmoja baada ya mwingine. Mama aliona. Akawa ananitunzia karatasi kila aliponunua sukari dukani Mlowo, jambo ambalo halikuwa la kila wiki.

Watu wengine nao waliona. Miaka michache nyuma, mpima ardhi alikuja bonde la pili na chombo chake cha miguu mitatu. Alikaa kwenye kiti, akatazama miti, akachora kwenye karatasi, na hakumgusa mtu. Msimu uliofuata watu wa bonde lile waliambiwa wahame, bonde likawa shamba la kahawa la mzungu, na miti ile ile ndiyo iliyokuwa mipaka. Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka. Kwetu sisi, mti ulioingia kwenye karatasi ulihesabiwa kuwa umekwenda.

Baba mkubwa akaita kikao cha ukoo. Alisema mjane anamtumia mtoto aliyesoma kuchora mipaka, ili apeleke karatasi bomani na shamba la marehemu liwe lake. Kama ni kweli, alisema, basi mama arudi kwao Ivuna, na mimi nibaki.

Tulikaa uani kwake mchana kweupe, wazee kwenye vigoda, wanawake chini. Michoro yangu ilitandazwa mbele ya watu wote, ikawekewa mawe isipeperuke. Nikaulizwa ni kazi ya nani. Nikasema ni yangu, nachora ili moyo utulie. Wazee wakatazamana. Mtu gani hukaa kuutazama mti, naye hachumi, hakati, wala hatundiki mzinga? Hata mimi nilipojisikia niliona kama naongopa.

Mama akapiga magoti, akapiga makofi taratibu kama wanawake wa kwetu wanavyowaamkia wakubwa. "Baba," akasema, "hakuna boma wala hakuna mpaka. Mwanangu ni mvivu. Analikimbia jembe, anajificha kwenye miti. Nimemlea vibaya, mnisamehe."

Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Kwetu mwizi alikuwa na nafuu kuliko msichana mvivu, maana mwizi angeweza kusingizia njaa. Wanawake wakaguna. Baba mkubwa akalegea uso, kwa kuwa uvivu alikuwa anaujua, nao hauna ramani.

"Mchelea mwana kulia hulia yeye, Mama Sekela," akasema. "Mpe kazi huyu."

Michoro ikatupwa motoni, tukaruhusiwa kurudi nyumbani kwetu.

Jina lile likaniganda. Kisimani wenzangu walinipisha nichote kwanza, eti nisije nikachoka kusimama. Niliona aibu kwa ajili yangu, kisha nikamwonea aibu mama aliyelitamka, nikawa simtazami usoni. Na adhabu ikaja. Kila Jumamosi mama alinituma kuokota kuni mlima wa mbali, kusiko na shamba wala njia. Alisema kwa sauti, majirani wasikie, kwamba dawa ya mvivu ni mzigo. Kisha, akinipa viazi vya njiani, akaongeza chini chini, "Usikimbilie kurudi."

Nilidhani amenichoka. Huko juu nilikaa peke yangu na hasira zangu, nikaokota mkaa ulioachwa na moto wa porini, nikachora miti juu ya miamba. Mvua ilifuta, nami nikachora tena. Nilishuka jioni na kijimzigo cha kuchekesha, nikingoja kukaripiwa. Mama alikipokea, akakitua, akanipakulia chakula.

Nilikuwa nimeshaolewa, mwanangu wa kwanza mgongoni, siku nilipoinama kuchochea moto nikaukumbuka ukuta wa nyuma wa nyumba yetu. Kuni zilikuwa zimepangwa pale hadi usawa wa dirisha, kavu, alizozikata mama mwenyewe siku za kazi, na hazikupungua mwaka mzima. Za mlimani hatukuzihitaji hata kijiti. Nilikaa chini pale jikoni, aibu ikanishika upya, na safari hii haikuwa ya kuitwa mvivu. Niliyemnunia miaka yote ile ndiye aliyekuwa akinitafutia mahali pa kuchora, na mama alikuwa ameshazikwa.