Vyungu Viwili vya Safari ya Siddhpur

Siku ya kwanza kazini nilipewa shoka, kamba na onyo. Onyo lilitoka kwa Maharaji, mzee wa Kibaniani aliyesimamia mahali pa kuchomea maiti zao kando ya mto, upande wa Bigwa. "Kuni mbichi zinatoa moshi," aliniambia. "Wafiwa wanakuja na machozi yao ya kutosha. Usiwaongezee."

Wakati huo nchi ilikuwa ya Mdachi, na reli ilikuwa imefika Morogoro si zamani. Nilikwisha kutoroka shule ya serikali kabla sijamaliza kitabu cha kwanza, nikabeba mizigo ya misafara, nikavunja kokoto za reli Mikese, nikalisha punda wa boma. Kila mahali nilikaa mpaka nielewe kazi inavyokwenda, kisha miguu ikaniwasha. Kwa Mabaniani nilidhani nitakaa mwezi mmoja. Nilikaa mpaka vita.

Cheti cha kukata kuni nilikifuata bomani kwa Bwana Misitu, maana milima ya Uluguru ilikuwa imewekewa mipaka. Aliuliza swali moja tu kila mara: "Nani amekufa?" Nikimjibu, alivua kofia, akagonga mhuri, akaivaa tena. Kuni nilizipanga kama kichanja, nene chini na nyembamba juu, nikiacha nafasi za upepo. Moto ukishapoa, Maharaji aliokota vipande vya mifupa, ambavyo wao huviita maua, akaviosha kwa maziwa, akavitia katika chungu kipya na kukifunga mdomo kwa kitambaa chekundu. Chungu hicho hakiingizwi nyumbani. Kilitundikwa katika kibanda changu pale mtoni mpaka apatikane mtu wa kukipeleka Bara Hindi. Kutunza vyungu ndiyo ikawa kazi yangu hasa.

"Vinakwenda wapi?" nilimuuliza tukipasua kuni.

Vingine vilikwenda mbali kaskazini, kwenye mto wao mkubwa. Lakini Maharaji alizaliwa karibu na mji uitwao Siddhpur, na habari zake hazikumwisha. Mahali pengine, alisema, mtu huwaombea baba na mababu. Siddhpur ni mji wa mama. Zamani sana mtakatifu aitwaye Kapila alimfundisha mama yake mambo ya roho penye ziwa dogo la mji ule, na mama alipoaga dunia akamfanyia ibada papo hapo. Tangu hapo wana huenda wakiwa wamenyoa vichwa, hufinyanga matonge ya unga, na kwa kila tonge hutaja taabu moja ya mama: kuibeba mimba, uchungu wa kuzaa, kulala upande ulioloa ili mtoto apate pakavu. Mto wa pale, Saraswati, hubaki mchanga wakati wa kiangazi. Hekalu la wafalme wa kale lilibomolewa, zimebaki nguzo. Na makuhani wanayo madaftari marefu ya koo, baba hadi mwana.

"Na akina mama wameandikwa wapi?"

"Kwa waume zao."

"Kwetu Waluguru ukoo ni wa mama."

Maharaji akacheka. "Basi nyinyi mngepatana na ziwa kuliko na daftari."

Masika moja nilikuwa na vyungu viwili tu. Kimoja kilikuwa cha mama yake Bwana Jivraji, muuza nguo, aliyemwahidi mama huyo akiwa kitandani kwamba atamfikisha Siddhpur kwa mikono yake. Cha pili kilikuwa cha fundi mwashi wa reli aliyekufa bila ndugu. Vyote nilivinunua kwa mfinyanzi mmoja wa Mlali, navyo vilifanana kama mapacha. Maharaji alivitia alama kwa rangi nyekundu: doa moja kwa mama, mistari mitatu kwa fundi.

Nikasikia Bwana Jivraji amepata nafasi ya meli na atakuja kesho. Kwetu, mahali pa wazee husafishwa kabla ya wageni kufika. Nikavishusha vyungu, nikavisugua masizi kwa kitambaa chenye maji, kwa heshima zote, huku nikiwasalimu marehemu. Nilipomaliza vilikuwa safi kabisa. Alama zilikuwa kwenye kitambaa.

Hakuna aliyeniona. Nilishika hata kipande cha tofali jekundu nichore doa kwenye chungu chochote. Kisha nikakitupa mtoni.

Bwana Jivraji alipokuja na Maharaji, niliungama kosa langu kabla hajavua viatu.

Alivitazama vyungu kimoja kimoja. "Mkude, mama yangu ni yupi?"

"Sijui, bwana."

"Ungenyamaza, ningeondoka nimetulia."

"Ndiyo, bwana."

"Na pengine ningempeleka mwanamume kwenye ziwa la mama." Akamgeukia Maharaji. "Nifanye nini?"

"Beba vyote viwili."

"Huyu fundi si ndugu yangu. Hata tabaka letu si moja."

"Naye alizaliwa," Maharaji akasema. "Yupo mwanamke aliyelala upande ulioloa kwa ajili yake."

Bwana Jivraji akanitazama. "Mama yako anaitwa nani?"

Sokoni ugomvi huanza kwa kutajiana mama, nikajua natukanwa na ninastahili. "Mwajuma."

"Yu hai?"

"Alifia Mgeta nikiwa njiani na msafara. Nilikuta kaburi limeota majani."

Akachukua vyungu, kimoja kila mkono, akaondoka bila kuaga.

Ilipita miezi mingi. Alirudi nywele zikiwa ndiyo kwanza zinaota, akaja kibandani moja kwa moja. "Mama amefika," alisema.

"Na fundi?"

"Kuhani aliuliza ni nani wangu. Nikasema mwenzangu wa safari." Akakaa juu ya gogo. "Mwishoni kuna tonge la wasio na mtu wa kuwataja. Nilimtaja mama wa fundi bila jina. Kisha nikamtaja Mwajuma wa Mgeta."

Mama yangu alizikwa kwa sanda na dua, wala hakuhitaji ibada ya dini nyingine. Hata hivyo niliona aibu kwamba Baniani amevuka bahari na jina lake, na mimi sijavuka hata Mlali kurudi kaburini kwake. Niliomba ruhusa siku tatu, nikapanda Mgeta na jembe.

Tangu siku ile kila chungu nilikiagiza kwa mfinyanzi kikiwa kibichi, alama ichorwe kwa mwiba kabla ya kuchomwa. Cha Maharaji mwenyewe nilikitunza hivyo. Kuni zake nilizianika muda mrefu, na siku yake hapakuwa na moshi.

Sasa siwezi shoka, na miguu imeacha kuniwasha. Siddhpur sikufika. Kila mwaka wapwa zangu wananishika mkono hadi makaburini Mgeta, tunapalilia, na ninawataka wataje mama zetu mmoja mmoja. Tukifika mwisho nawaambia wanyamaze kidogo, kwa ajili ya mama wa fundi. Kisha tunaendelea na jembe.