Neno Moja Alilobaki Nalo Baba

Baba alipopata kiharusi, mkono na mguu wa kulia viligoma, na maneno yote yakampotea isipokuwa moja: kesho. Kwa nini lilibaki hilo, sijui. Alikuwa amefundisha watu kuendesha gari mjini Thika kwa miaka mingi, na kazi ile ni ya kusema kutwa: kanyaga klachi, tazama kioo, punguza mwendo.

Mwanamke mmoja, mtaalamu wa mazoezi ya viungo, alikuwa akija kwetu Ngoingwa mara mbili kwa wiki. "Mzee, tusimame kidogo?" anamuuliza. "Kesho," Baba anajibu. Basi anamheshimu, anamkanda mkono, anaaga. Kwenye daftari aliandika kwamba mgonjwa hataki mazoezi.

"Baba yenu amekata tamaa," Mama aliniambia. Mimi nakaa Ruiru, nilikuwa nafika Jumamosi tu, nikaamini.

Jumamosi moja Mama alimuuliza kama anataka chai. "Kesho," akasema, na huku mkono wake wa kushoto umeshashika kikombe. Nikabaki nikimtazama. Alipomaliza kunywa, nikavuta kiti karibu.

"Baba, mimi ni mtoto wako?"

"Kesho." Akatikisa kichwa kukubali.

"Mimi ni mama yako?"

"Kesho," akasema, akacheka kwa upande mmoja wa uso.

Nikamwambia aguse sikio la kushoto halafu afumbe macho. Hapo akaukodolea macho mdomo wangu kama anayetafuta stesheni ya redio. Nilipogusa sikio langu nikafumba macho, akafanya vivyo hivyo. Kumbe maneno machache yalimfikia, yakiwa mengi yalimwagika njiani. Na jibu lake halikuwa jibu, lilikuwa sauti pekee aliyobaki nayo.

Wiki iliyofuata niliomba ruhusa kazini ili nimwone yule mtaalamu. Alinisikiliza mpaka mwisho, akafungua daftari lake.

"Basi nimekuwa nikiandika makosa," akasema.

Siku hiyo hakuuliza kitu. Alikaa mbele ya Baba, akashika kiti, akainuka polepole. Baba akashika kiti chake, akainuka, akatetemeka, akaketi. Kisha akainuka tena bila kuonyeshwa. Mama akaenda jikoni na hakurudi kwa muda.

Zile wiki tano alizokaa bila mazoezi hatukuzipata tena, na mkono wa kulia bado ni mzito. Lakini sasa anatembea na bakora hadi langoni, na kwa mafunzo ya kuongea maneno kadhaa yamerudi.

Kuna jambo moja ambalo bado linanishangaza. Ukimwuliza mayai ni mangapi, na yapo saba, hawezi kusema saba moja kwa moja. Lazima aanze na moja, apande mdogomdogo, asimame panapostahili. Juzi alipitiliza hadi nane, akakunja uso, akarudi mwanzo. Nikamsikiliza akihesabu.