Wenye Boti wa Gotu

Majuzi nilivuka daraja la Gotu, nikafika ng'ambo kabla sijamaliza kumenya ndizi. Nikacheka peke yangu, halafu kicheko kikanikatikia. Rafiki yangu, hapo chini mtoni, nikiwa mtoto na daraja halijajengwa, palikuwa na chama cha wenye boti za injini. Isiolo hii hii, ambapo vumbi lilikuwa jingi hadi kuku wakakohoa!

Wanachama walikuwa watatu, boti moja. Babu alimiliki boti yenyewe, aliyoileta kwa lori lake kutoka Turkana juu ya magunia ya samaki wakavu. Jirani yetu fundi alimiliki injini. Mwalimu alimiliki mtungi wa petroli, na ndiye aliyeandika katiba: kila mkutano ukiisha, kila mtu aende na chake nyumbani, asije mmoja akawatoroka wenzake mtoni. Walikutana ndani ya boti, juu ya mchanga mkavu wa mto, wakinywa chai ya maziwa ya ngamia yenye harufu ya moshi na kubishana nani atakuwa nahodha.

Nyanya hakuwa mwanachama. Alikuwa na dada yake ng'ambo, ambaye macho yalikuwa yanamwishia. "Nataka anione kabla hayajazimika," alisema kila asubuhi akipepeta mchele, na mchele ukamwagika kwa haraka yake.

Basi mvua ikaja, mto ukajaa hadi nikadhani bahari imehamia kwetu. Na fundi? Alikuwa amekwama kwenye matope ya Sericho, ufunguo wa chumba alichofungia injini mfukoni mwake.

Nyanya alifunga kitita chake, akaingia botini, akaketi. Kesho yake tena. Mimi nilichomeka vijiti ukingoni kupima maji, nikivikimbilia kila baada ya dakika mbili.

"Twende basi!" nyanya akawaambia.

"Bado fundi, mama watoto," babu alijibu.

"Kwani hiyo injini anainyonyesha?"

"Ni katiba, mama," mwalimu akasema kwa upole.

"Hiyo katiba inajua kupiga kasia? Wenye boti mko watatu. Mwenye safari ni mimi peke yangu."

Babu alizunguka boti ile mpaka akachimba mfereji kwa nyayo zake.

Fundi alifika na injini begani siku ambayo maji yalikuwa yamebaki ya kufika kwenye vifundo vya miguu. Nyanya alishuka botini, akainua leso, akavuka kwa miguu. Nilimfuata. Dada yake alimpapasa uso kwa muda mrefu, macho yakiwa meupe, kisha akasema, "Umezeeka, wewe." Wakacheka mpaka wakalia.

Chama hakikukutana tena. Kiangazi kilichofuata babu aliiburuta boti hadi kisimani, akaijaza maji, mbuzi wa nyanya wakanywea humo miaka mingi.

Sasa daraja lipo, nami huvuka nikitaka. Majuzi hayo nilisimama ng'ambo, ganda la ndizi mkononi, nikatafuta nyumba ya kubisha hodi. Dada ya nyanya alishafariki, na sikujua nyingine hata moja.