Mwongozaji wa Chumba cha Saba

Mzee wa chumba cha saba, katika nyumba ya kutunzia wazee kule Moseley, ughaibuni, aliwahi kuongoza filamu ishirini na moja Hollywood, na hadi leo hamruhusu mtu kuingia mara moja tu. Milka, mlezi wake, akileta chai, mzee humtazama kupitia vidole alivyovikunja kama fremu ya kamera, kisha kwa upole usiokubali ubishi husema, "Vizuri. Turudie." Milka hutoka na chai yake, akaingia upya.

"Leo mara ngapi, dada?" Bethuel, mlezi mwenzake, humtania koridoni.

"Nne."

"Basi tuzo iko njiani. Na chai?"

"Ilipoa tangu ya pili."

Jumapili iliyopita binti wa mzee alikuja, baada ya miaka sita. Mzee alikuwa amedai kunyolewa tangu asubuhi, na usingizi wa mchana akaukataa. Binti alifungua mlango, akasema, "Baba," machozi yakamtoka. Mikono ya mzee ilipanda usoni kama ilivyozoea.

"Vizuri," alisema. "Ila machozi yamewahi mno. Turudie."

Binti alitoka, akaufunga mlango taratibu. Kutoka dirishani Milka alimwona akivuka barabara kwenda kituo cha basi, bila kugeuka.

"Bado anajiandaa?" mzee aliuliza, vidole vingali hewani.

"Bado, mzee," Milka alijibu, akamwekea mto chini ya viwiko.