Kamaludin na Sauti ya Mbu Jike

Kaka yangu Kamaludin alikuwa fundi wa ala za nyuzi, gambusi na fidla, hapa Mji wa Kale wa Mombasa, na Mungu amrehemu, sikio lake halikuwa la kawaida. Wapo waliosema ni heri angelitumia kwa mambo mengine. Mimi nasema alilitumia vyema, na simwombi mtu radhi.

Mwaka ule binti yake Fadhiya alipougua homa ya dengi, mtoto alilia maumivu ya mifupa mpaka sauti ikamkauka. Alipona, alhamdulillahi, lakini Kamaludin hakutulia. Alisikia kwamba mbu dume humtafuta jike kwa mvumo wa mbawa zake. Akasema, "Kama ni sauti, hiyo kazi yangu."

Alianza kwa kukosea. Alimrekodi kwa simu yule mbu wa usiku anayetuimbia masikioni, akaicheza sauti ile kwa spika ndogo ndani ya ndoo nyeusi iliyopakwa gundi ya panya, juu ya paa. Mbu wa dengi hakuja hata mmoja. Huyo huuma mchana, ana miguu ya madoadoa, na dume lake huitika jike wa aina yake tu. Basi Kamaludin akachota viluwiluwi katika mtungi wetu wenyewe, akawalea chupani mpaka wakawa mbu, akakaza uzi wa gambusi mpaka ukalingana na mvumo wa jike, akaurekodi huo.

"Mwanarusi, sikiliza," aliniambia. "Dume sauti yake nyembamba. Wakikaribiana, kila mmoja huirekebisha yake mpaka zipatane. Jike asipomtaka, humpiga teke!"

Ndoo ikaanza kunasa. Mtaa nao ukaanza maneno.

Wiki hii tumemzika. Moyo ulisimama ghafla. Baada ya kisomo cha khitma, wanaume walipotawanyika, ami yetu Ubaid aliingia ndani kwa akina mama.

"Kile kitu cha juu kishushwe leo," akaniambia. "Maiti ana hesabu yake kwa Mungu, asizidishiwe."

"Azidishiwe nini, Ami?"

Bi Mwanaesha, jirani yetu, akadakia, "Wewe! Sisi twafukuza mbu, nyinyi mwawafanyia harusi!"

Watu wakacheka, matangani. Nilipanda juu, nikaileta ndoo, nikaitua mkekani kando ya sinia la tende.

"Tazameni. Wote hawa wana ndevu kama manyoya. Madume. Dume haumi, Bi Mwanaesha, hunywa maji ya maua. Na jike aliyekosa mume, mayai yake hayatoi kitu."

"Na ndoo moja itamaliza mbu wa Mombasa nzima?" akauliza Bi Mwanaesha.

"Haitamaliza. Alijua, na bado akaiwasha."

Ami alitikisa kichwa. "Makelele juu ya nyumba ya msiba!"

"Aliizima kila ilipoadhiniwa. Nami nitaizima. Lakini kuishusha, la."

"Wanipinga mimi, Mwanarusi?"

"Nakuheshimu, Ami. Na nakupinga."

Hakuna aliyecheka tena. Nilipaka gundi mpya pale pale mbele yao, nikaibeba ndoo ngazini, Fadhiya akinifuata na spika. Tukaiwasha. Chini nilimsikia Ami akitafuta viatu vyake, akimwomba Mungu anipe akili.

Nikaitikia amina, kwa sauti ya kumfikia.