Bernadina Kasendamila, Mtani wa Wasio na Ndugu

Yaliyoandikwa humu ni kweli tupu, kweli ya kuapiwa makaburini, na Mzee Mhina wa Handeni aliyeyaandika hakutia chumvi hata ya kuonja. Alizaliwa Bernadina mwaka 1938, katika kambi ya wakata mkonge nje kidogo ya mji wa Korogwe. Mama yake alifariki akimnyonyesha. Baba yake alikuja mkongeni kutoka mbali na hakupenda kusimulia habari za kwao; binti naye, akiulizwa kabila, alijibu, "Mimi wa mkongeni," akaendelea kutwanga.

Wito ulimfikia mwaka 1955, siku alipozikwa kibarua mmoja asiye na ndugu. Watu walimfukia kimya kama wanaofukia mbegu. Hakukuwa na mtani wa kumwigiza marehemu, wala wa kuzuia jeneza mpaka apewe kuku, wala wa kuwafanya wafiwa wacheke katikati ya machozi, na huku kwetu maziko ya namna hiyo ni ya mtu aliyetupwa. Ndipo Bernadina alipochukua panga la marehemu, akatembea kwa kuchechemea kama yeye, akainama juu ya kaburi na kusema, "Amka, mvivu wee. Mkonge wako nani atakukatia?" Watu wakacheka, na walipokwisha kucheka wakaweza kulia. Tangu siku hiyo, kila aliyefia kambini bila ndugu, Mkristo kwa Mwislamu, Bernadina alimtafutia sanda na akawa mtani wake.

Majaribu hayakukawia. Katekista Mikaeli alimzuia kuingia kanisani, akisema anafanyia mzaha maiti. Bernadina akawa anasali nje, amepiga magoti juani, na hakuwahi kumsema vibaya katekista. Miaka ilipita hivyo, mpaka Mikaeli mwenyewe akaugua ugonjwa wa kufa. Akaagiza aitwe. "Mama Bernadina," alimwambia, "nikifa, uje unicheke." Alikwenda, na waliokuwapo wanasema hakuna maziko yaliyochekesha Korogwe kama yale.

Alilala katika Bwana mwaka 2009, nyumbani kwake Kwamndolwa. Akazikwa kimya. Kwa kuwa hakuna aliyejua kabila lake, hakuna aliyejua watani wake ni akina nani, na yeye aliyewachekea wote akashushwa kaburini bila wa kumcheka. Jambo hilo lilimkaa kooni Justa, mjukuu aliyelelewa naye. Ukoo ulipoamua mwaka 2023 kusimika msalaba wa saruji, Justa aliapa kwamba bibi yake hatasimikiwa kimya mara ya pili. Alianza kuulizia. Mzee mmoja mstaafu, mwenye koti zuri la sufu, alimwambia baba yake Bernadina alikuwa Mmakonde. Alipomrudia akasema Muha. Mara ya tatu, Mnubi. Justa akakata tamaa na wazee wanaume, akapita Segera, akaenda Handeni kumtafuta Bibi Hajira, ambaye mama yake alizikwa Bernadina akiwapo.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mwanangu. Kaa hapo. Bernadina? Yule alitukalia juu ya jeneza la mama, akasema haliendi popote. Mjomba Isihaka akafoka, 'Wewe nani hata utuzuilie maiti yetu?' Akamjibu, 'Binti Kasendamila, Mnyamwezi wa Tabora. Toeni kuku, Wazigua wachoyo nyie.' Mjomba akanywea, akatoa kuku. Angekuwa si mtani wetu, angepigwa."

Justa alilia pale pale mkekani. Akasema, "Basi bibi, watani wake ni ninyi. Mje."

Walikuja. Siku ya kusimika, Wazigua wa Handeni waliukalia msalaba, wakamwigiza Bernadina alivyokuwa akibana pua anapoimba, wakadai jogoo, wakapewa. Kisha Mzee Mhina, yule yule wa koti la sufu, akasimama kusimulia muujiza: siku ya maziko ya mama yake Hajira mvua ilishuka kutoka milima ya Vugiri, Bernadina akainua mkono, mvua ikasimama ukingoni mwa kaburi ikingoja zamu yake, na yeye Mhina akiwa amebeba jeneza hakupata hata tone.

Hajira akainua uso. "Ilinyesha, Mhina. Bernadina alilowa chapachapa na hakuondoka mpaka udongo wa mwisho. Na wewe hukupata tone kwa sababu ulikuwa bandani, umejibanza na mbuzi."

Watu wakamgeukia Justa. Maisha yake yote akiulizwa kwao alijibu kama bibi yake. Sasa akapita katikati ya watu, akasimama mbele ya mzee, akanyoosha mkono. "Mtani, umetudanganya Wanyamwezi mbele ya kaburi letu. Vua koti."

Koti likavuliwa. Justa akalivaa, mikono ikimzidi, akazunguka msalaba akitembea kwa maringo ya Mzee Mhina, na makaburi yote ya Kwamndolwa yakajaa kicheko.

Kanisa halijamtangaza Bernadina, nasi hatulitangulii. Lakini waumini wanaomkumbuka wamwige: pakizikwa mtu asiye na wake, waende, wasimame kwenye mvua, wawe wake. Mwandishi wa habari hizi wasimwige. Alirudi Handeni na shati tu, na usiku ule ulikuwa wa baridi.